Safari ya farasi na ya miguu katika milima ya Tian Shan, Kirgizia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu safari ya sehemu mbili katika nchi ya Kirgizia, Asia ya Kati: kwanza siku tatu au nne juu ya farasi hadi ziwa Song-Köl, kisha siku tatu za kutembea kwa miguu kutoka mji wa Karakol kupitia kipito (njia ya juu ya kuvukia mlima) cha Ala-Köl hadi chemchemi za maji moto za Altyn-Arashan. Yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wanaotoka Afrika Mashariki au wanaoishi Ghuba na kwingineko, ambao wengi wao wanaujua mlima mrefu kwa Kilimanjaro au Mlima Kenya, lakini hawajawahi kukaa siku nzima juu ya tandiko.

Njia yenyewe inapita wapi?

Safari huanzia Bishkek, mji mkuu, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo gari huchukua saa tatu hadi nne kufika Kochkor, mji mdogo wa mkoa wa Naryn, na baada ya hapo hadi kijiji cha Kyzart ambako farasi husubiri. Siku ya kwanza mnapanda taratibu kupitia mabonde ya majani hadi Kilemche, mnalala huko, na kesho yake mnavuka kipito cha Jalgyz-Karagai, takriban mita 3,300, ambapo ghafla ziwa lote huonekana chini yenu. Song-Köl liko mita 3,016 juu ya usawa wa bahari, lina urefu wa karibu kilomita 29 na upana wa kilomita 18, na ni la pili kwa ukubwa nchini baada ya Issyk-Kul. Hakuna miti kandokando yake. Ni majani, maji, mbingu na makundi ya farasi, kondoo na ng'ombe wanaoletwa huko kila mwaka.

Baada ya kushuka, gari hupita kando ya Issyk-Kul hadi Karakol upande wa mashariki. Sehemu ya miguu huanza katika bonde la mto Karakol, hupanda kwenye msitu wa misprusi, miti ya jamii ya misonobari, hufika ziwa Ala-Köl lililo zaidi ya mita 3,500, kisha kipito chenyewe cha karibu mita 3,900, na kuteremka upande wa pili hadi Altyn-Arashan.

Je, ni lazima niwe nimewahi kupanda farasi?

Si lazima. Mwendo wa safari hii ni wa hatua, si wa shoti, na farasi wa wafugaji wamezoea kubeba watu wasiojua lolote. Hata hivyo, watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba farasi ni njia ya kupumzika. Ukikaa saa nne hadi sita juu ya tandiko, magoti huuma, mapaja huchubuka, na mgongo unaojikaza kwa woga huchoka kuliko ule unaofuata mwendo wa mnyama. Kama kuna shule ya farasi karibu nawe, masomo machache kabla ya kuondoka yatakusaidia sana, hasa katika kujifunza kukaa wima na kuacha uzito ushuke kwenye visigino.

Jambo la kwanza utakalofundishwa na mwongozaji ni kwamba Wakirgizi hushika hatamu zote mbili kwa mkono mmoja. Ukitaka kwenda kulia unausogeza mkono kulia, hatamu inaegemea shingo ya farasi, naye anageuka. Ukitaka kusimama unavuta nyuma kwa upole. Kumwambia aende, unasema «chu!» kwa sauti ya kuamuru, kwani sauti ya kubembeleza haitiliwi maanani. Kwenye mteremko mkali unaegemea nyuma kidogo, na mwongozaji akisema mshuke na kuwaongoza farasi kwa mkono, shukeni bila kubishana, kwa sababu anaijua ardhi ile na anajua pia farasi wake amechoka kiasi gani.

Urefu wa vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, uhakikishwe kabla ya kuondoka kambini, si baada ya saa mbili. Vikuku vifupi mno ndivyo chanzo kikuu cha magoti kuuma, na mgeni mwenye haya huvumilia siku nzima jambo ambalo lingerekebishwa kwa dakika moja. Kanyaga kikuku kwa sehemu ya mbele ya mguu tu, ili ukianguka mguu usinase.

Farasi wa huko wakoje, na nitajuaje kama wanatunzwa vizuri?

Ni wafupi, wenye kifua kipana na kwato ngumu, na wengi hawazidi sentimita 145 mabegani. Wakati wa Kisovieti walichanganywa na farasi wakubwa kutoka Urusi ili wapate kimo na kasi, lakini wale wanaoaminiwa zaidi milimani bado ni wale wenye damu nyingi ya kienyeji, wanaojitafutia majani hata chini ya theluji. Kwa sababu ya umbo hilo, waandaaji wengi huweka kikomo cha uzito wa mpandaji kati ya kilo 90 na 100. Taja uzito wako wa kweli unapoagiza. Ukiuficha, atakayeumia ni farasi.

Kabla ya kupanda, omba kuona mgongo wa farasi kabla tandiko halijawekwa. Tandiko la kienyeji lina kiunzi cha mbao au chuma, na juu yake huwekwa blanketi zilizokunjwa au mto. Likikaa vibaya huacha vidonda kwenye uti wa mgongo. Farasi mwenye kidonda kibichi, anayechechemea, au mwenye mbavu zinazohesabika asipandwe, na una haki ya kuomba mwingine. Mfugaji mwema hataudhika, kwa kuwa kwake farasi ni akiba, ni usafiri, ni maziwa na ni heshima ya nyumba. Nimeona kwamba wageni wanaouliza habari za farasi wao, jina lake na umri wake, hupokewa kwa namna tofauti kabisa na wale wanaouliza tu watafika saa ngapi.

Nilishafika kilele cha Uhuru. Je, mwinuko wa huko utanisumbua?

Kilele cha juu kabisa cha Kirgizia, Jengish Chokusu, kina mita 7,439, lakini safari hii haikaribii huko. Sehemu yake ya juu kabisa iko chini sana kuliko kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Mwili, hata hivyo, hauweki kumbukumbu ya mlima wa mwaka jana. Mtu aliyetoka Dar es Salaam au Muscat na kulala mita 3,016 siku ya tatu anaweza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na kulala vibaya, na farasi anaweza kumdanganya, kwa sababu anampandisha haraka bila yeye kusikia pumzi zake mwenyewe.

Ndiyo maana ninapendelea njia inayolala Kilemche kabla ya ziwa, badala ya gari linalofika ziwani siku hiyohiyo kutoka Bishkek. Kanuni inayotumika milimani kote ni kwamba, ukishapita mita 3,000, usiongeze mwinuko wa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Siku zilizotumika Song-Köl hukuandaa vizuri kwa Ala-Köl, na hii ndiyo sababu ya kuanza na farasi kisha miguu, wala si kinyume chake. Maumivu ya kichwa yasiyopungua kwa maji, mapumziko na dawa ya kawaida, pamoja na kutapika, kuyumba unapotembea au kuishiwa pumzi hata ukiwa umekaa, ni ishara za kushuka mara moja, hata kama ni usiku.

Kuna jambo moja linalowahusu hasa wanaotoka ukanda wetu. Kirgizia ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 kuwa nchi isiyo na malaria. Mtu aliyeambukizwa nyumbani anaweza kupata homa akiwa huko siku ya saba au ya kumi, na kila mtu kambini, pamoja na daktari wa mji wa karibu, atafikiria mafua au mwinuko. Beba vipimo vya haraka vya malaria na dawa uliyoandikiwa, na mweleze mapema mwongozaji kwamba homa yoyote lazima ichunguzwe kwa jicho hilo.

Ni miezi gani inayofaa?

Julai na Agosti ndiyo miezi ya uhakika, na mwisho wa Juni na mwanzo wa Septemba pia hufaa. Safari hii hufuata kalenda ya wafugaji. Wao hupandisha mifugo kwenye malisho ya juu, yanayoitwa jailoo, theluji inapoyeyuka kwenye vipito, na huteremka Septemba baridi inaporudi. Nje ya kipindi hicho hakuna yurta (nyumba za wafugaji zinazohamishika), hakuna mwenyeji, wala hakuna wa kukupikia, na kipito cha Ala-Köl hubaki na theluji nyingi hadi Juni yenyewe. Juni ina maua na kijani kibichi lakini mvua pia. Septemba ina anga safi na usiku wa barafu.

Tutalala wapi?

Kwenye sehemu ya farasi, mtalala ndani ya yurta za familia za wafugaji. Yurta ni nyumba ya mviringo yenye kiunzi cha mbao kinachokunjwa na kufunikwa kwa sufu nzito iliyoshindiliwa. Familia yenye uzoefu huisimamisha kwa saa chache. Duara la juu linaloruhusu moshi kutoka na mwanga kuingia huitwa tunduk, nalo ndilo lililo katikati ya bendera ya taifa. Ufundi wa kutengeneza yurta wa Wakirgizi na Wakazaki uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mtalala sakafuni juu ya magodoro membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, watu wanne hadi sita pamoja, na mwenyeji atawasha jiko la chuma kwa samadi kavu, kwa kuwa kuni hakuna. Joto hilo huwa kali kwa saa mbili, kisha huisha alfajiri wakati mnapolihitaji zaidi. Kwa hiyo kuwa na mfuko wako wa kulalia. Choo ni cha shimo, mbali kidogo na yurta.

Kwenye sehemu ya miguu kuna kambi za mahema na yurta za msimu bondeni, na Altyn-Arashan kuna nyumba za wageni na mabwawa ya maji moto yanayofaa sana kwa miguu iliyoteremka kutoka kipito.

Chakula ni cha namna gani, na je, kinamfaa Mwislamu?

Wakirgizi walio wengi ni Waislamu wa Kisunni wa madhehebu ya Hanafi, na nyama inayopikwa kwenye yurta ni ya kondoo, ng'ombe au farasi aliyechinjwa kwa taratibu za Kiislamu. Nguruwe hupatikana katika baadhi ya maduka na migahawa ya mjini, lakini si kwenye jailoo. Kuhusu nyama ya farasi, wanavyuoni wa Kihanafi wametofautiana, wakati madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, huiruhusu. Asiyeitaka aseme tu mapema, kondoo hakosekani.

Mlo wa kila siku ni mkate, siagi, jamu, supu yenye nyama na viazi, tambi za nyumbani, na chai isiyoisha. Vipande vya unga vilivyokaangwa, boorsok, ni kama maandazi madogo yasiyo na iliki, na vitamwagwa mezani kwa wingi kila mgeni anapofika. Pembeni ya ziwa mnaweza kupata samaki.

Kumisi ndicho kinywaji kinachohitaji maelezo. Ni maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa kwenye mfuko wa ngozi uliofukizwa moshi, na ladha yake ni chachu, yenye moshi na mapovu kidogo. Majike hukamuliwa kila baada ya saa mbili hivi mchana, huku watoto wao wakifungwa karibu. Uchachu wake hutokana na bakteria na hamira pamoja, kwa hiyo huwa na kileo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3. Wenyeji wengi hawakihesabu kuwa kilevi; msomaji Mwislamu aamue kwa elimu yake na ya mwalimu wake, nami siwezi kumwamulia. Anayekataa kwa heshima, akiweka mkono kifuani, haudhi mtu. Anayekubali na aanze na nusu ya bakuli, maana tumbo geni hulilalamikia.

Kwa wanaosali: kibla kiko kusini-magharibi, mwezi Juni mchana unafika saa kumi na tano hivi, na Isha huingia usiku sana. Wenyeji watakupa nafasi kwa furaha.

Adabu za nyumbani ni zipi?

Msiikaribie yurta kwa kasi. Kufika mbio juu ya farasi ni dalili ya habari mbaya au uadui, na mbwa wa kulinda mifugo watawajibu ipasavyo. Punguzeni mwendo, iteni, na subirini mwenyeji atoke. Vueni viatu, ingieni bila kukanyaga kizingiti, na mkae pale mnapoonyeshwa. Mahali pa heshima ni mkabala na mlango, na mgeni mkubwa kwa umri ndiye huwekwa hapo. Upande wa kulia wa anayeingia ni wa wanawake na vyombo vya jikoni.

Mkate hauwekwi kichwa chini wala hautupwi, na hata kama una haraka unatakiwa kuuonja kabla ya kuondoka. Chai humiminwa kidogo katika bakuli ili ije tena na tena. Bakuli lililojazwa hadi juu humwambia mgeni kwamba muda wake umekwisha. Mlo ukiisha, mzee husoma dua na wote hupitisha viganja usoni. Wanaume husalimiana kwa «Assalamu alaikum» na mikono miwili, jambo ambalo huwafanya wageni wengi kutoka pwani wajisikie karibu na nyumbani kabla ya neno la pili.

Kipi kibebwe?

Nguo za tabaka: ya ndani inayokausha jasho, ya sufu katikati, na koti la mvua la kweli juu. Usiku wa Julai pembeni ya Song-Köl unaweza kushuka hadi karibu na sifuri, na theluji inaweza kuanguka mwezi wowote. Glovu, kofia ya sufu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua ni vya lazima. Jua la mita 3,000 huunguza hata ngozi nyeusi, na midomo hupasuka kwa wote. Suruali ya kupandia farasi isiwe na mshono mnene ndani ya mapaja. Njoo na kofia ngumu yako mwenyewe, kwa sababu kambini mara nyingi hazipo au hazikutoshi, na kwa maoni yangu mtu asipande bila hiyo. Kwa Ala-Köl, viatu vya mlimani vilivyokwisha zoeleka na fimbo mbili za kutembelea.

Tofauti na Kilimanjaro, hapa hakuna utaratibu wa wapagazi kwa kila msafiri. Farasi hubeba mizigo kwenye sehemu ya kwanza, lakini upande wa Ala-Köl, usipopanga mapema, mfuko utaubeba mgongoni mwako.

Hatari kubwa ni zipi?

Mito na radi. Mito inayotoka kwenye barafuto hujaa mchana jua linapoyeyusha theluji, kwa hiyo kijito cha asubuhi kinachofika goti la farasi kinaweza kuwa kingine kabisa jioni, vivukeni mapema. Radi huja mara nyingi alasiri, na mpanda farasi kwenye uwanda usio na mti ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Waongozaji wazuri huhakikisha kipito kimevukwa kabla ya adhuhuri.

Mteremko wa Ala-Köl upande wa Altyn-Arashan ni mkali na wa kokoto zinazoteleza, na ndipo wengi huumiza magoti na viganja. Shukeni kwa nafasi, mtu asiwe moja kwa moja chini ya mwenzake. Maji yote yachemshwe au yasafishwe kwa dawa, kwa sababu juu ya kila kijito kuna mifugo, na mikono inawe kila baada ya kugusa mbwa. Bima yako itaje waziwazi upandaji farasi, mwinuko wa hadi mita 4,000 na uokoaji wa milimani. Nyingi za kawaida huviacha vyote vitatu.

Je, mwanamke anaweza kwenda peke yake? Na watoto?

Wanawake wengi husafiri huko peke yao, na yurta yenye familia ndani yake ni mahali salama. Inafaa kuomba kulala na familia badala ya kambi ya wachungaji wanaume tu. Mtoto wa miaka minane au tisa anayependa wanyama anaweza sehemu ya farasi kwa siku fupi, akiongozwa kwa kamba. Ala-Köl imsubiri akue.

Nitafikaje, na viza?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia za kawaida ni kupitia Istanbul au Dubai hadi uwanja wa Manas, Bishkek, na kwa anayeishi Ghuba safari ya Dubai ni ya saa nne hivi. Kirgizia ina mfumo wa viza ya mtandaoni, na masharti hutegemea pasipoti uliyonayo, si nchi unayoishi. Omba mapema kabla ya kulipia tiketi. Njia iliyoelezwa hapa haihitaji kibali cha ukanda wa mpaka, lakini ukitaka kuongeza maeneo yaliyo karibu na China, kama ziwa Köl-Suu, kibali hicho ni lazima na huchukua siku kadhaa.

Malipo yanahesabiwaje?

Kwa kipande: farasi wako kwa siku, mwongozaji kwa siku, farasi wa mwongozaji, kitanda, na kila mlo. Farasi wa mwongozaji husahauliwa na wageni wengi, na kikundi cha watu wanne hugawana gharama hiyo vizuri kuliko mtu mmoja. Fedha ni som, na juu milimani ni taslimu tu. Toeni benki za Bishkek au Kochkor, na beba noti ndogo.

Ninashauri kuagiza kupitia vikundi vya wenyeji. Kochkor ni miongoni mwa mahali ambako utalii wa kijamii ulianza mapema, kwa msaada wa shirika la Uswisi la Helvetas, baada ya mashamba ya pamoja ya Kisovieti kuvunjika na familia nyingi kubaki na mifugo michache tu. Fedha inayolipwa pale hufika moja kwa moja kwa mwenye farasi na mwenye yurta, nao hukaa na mgeni kama mgeni wao.

Mtandao wa simu upo?

Kochkor na Karakol, ndiyo. Juu, mara nyingi hapana, na umeme ni wa paneli ndogo ya jua inayowasha taa. Waageni jamaa zenu kabla ya Kyzart, na mwachieni mtu mmoja ratiba yote.

Ninaweza kwenda bila mwongozaji?

Njia ya Ala-Köl ina alama na watembeaji wengi mwezi Julai, na mtu mwenye uzoefu wa milima anaweza kuipita na wenzake akiwa na ramani. Kwa farasi, hapana. Mnyama si wako, kinamasi kinachoonekana kama majani mazuri hukijui, na usiku farasi akikatika kamba atarudi kwao bila wewe. Mwongozaji ndiye pia anayezungumza Kikirgizi na Kirusi, lugha mbili zinazotumika huko, na bila yeye mazungumzo ya jioni ndani ya yurta yatakupita. Agiza angalau mwezi mmoja kabla ya Julai, kwa kuwa waongozaji wanaojua Kiingereza ni wachache na hushikwa mapema.